Mtu wa Chumba cha Mbele

(Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni. Somo: Mathayo 2:13-15)

 Tunasema hasa na ninyi akina mama ambao wakati huu mna mtoto mmoja mgongoni na mwingine anawavuta kanga. Mazungumzo ya leo ni yenu kwanza. Akina baba watatuwia radhi, nao wakae wasikilize.

Habari ya somo letu mnaijua. Herode anamtafuta mtoto amwangamize, Yusufu anaonywa katika ndoto, naye anaondoka usiku pamoja na mtoto na mama yake kwenda Misri. Mathayo asema walikaa huko hata Herode alipokufa, basi. Hatuambii walikaa mji gani, wala walipanga kwa nani, wala ni nani aliyemwonyesha Mariamu mahali pa kuteka maji. Yusufu alikuwa seremala, na fundi hakosi kibarua. Twaweza kumwona akitoka alfajiri na vyombo vyake begani. Lakini Mariamu je? Yusufu akiisha kwenda kazini, mama kijana anashinda wapi na mtoto mdogo katika mji asioujua, mahali ambapo hana shangazi wala mama mkwe, wala jirani wa kumwachia mtoto akaenda sokoni? Wahubiri wengi hupita hapo mbio kwenda Nazareti. Sisi hatuwezi kupita mbio, kwa maana tulipata kuwa katika hali kama hiyo. Haikuwa Misri. Ilikuwa Majengo, Nairobi, mwaka 1975.

Tukisema "sisi" tuna maana ya mama na watoto wawili: mvulana wa miaka mitano, na msichana ambaye alikuwa hajatimiza miwili. Sisi ni watu wa Upare, upande wa Same, katika Tanzania. Baba watoto alikuwa fundi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, nalo lilikuwa mali ya nchi tatu pamoja, makao yake makuu yakiwa Nairobi. Alipohamishiwa karakana ya huko, tulifunga vitu vyetu katika masanduku mawili na gunia moja, tukapanda basi, tukapita Moshi, Arusha na Namanga. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimejaa, nasi tulikuwa tukingoja zamu yetu. Kwa hiyo tulipanga chumba Majengo, kwa sababu kodi yake tuliiweza, na kwa sababu tuliambiwa huko Kiswahili kinasemwa.

Wasikilizaji wa Nairobi wanapajua, lakini kwa ajili ya wengine tueleze kidogo. Majengo ni sehemu ya Pumwani, upande wa mashariki wa mji. Serikali ya kikoloni ilipatenga mwanzoni mwa miaka ya 1920 pawe mahali pa Waafrika, ikawahamishia huko watu waliokuwa wakiishi katika vijiji vilivyotawanyika mjini. Watu walipewa viwanja, wakajenga wenyewe nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, kuta za udongo na fito, na juu mabati, au hata madebe yaliyokunjuliwa yakapigiliwa misumari. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Walikuwako Wamanyema ambao wazee wao walitoka Kongo, walikuwako Wanubi ambao asili yao ni Sudan, na Wadigo wa pwani, na Wakikuyu na Wakamba. Ulikuwa mji wa wageni tangu siku ya kwanza, ingawa sisi tulipofika tulidhani wageni tulikuwa peke yetu.

Mama mwenye nyumba alikuwa mzee Mwislamu, na nyumba ile ilijengwa na mama yake mzazi. Kila mtu alimwita Bibi. Vyumba vilikuwa sita. Sisi tulikuwa cha nyuma karibu na ua. Cha mbele kabisa, chenye dirisha la kutazama njia, alikaa mwanamke mmoja peke yake. Kazi yake ilijulikana. Hatuna haja ya kuieleza redioni.

Kabla ya kuondoka Same tulikuwa tumeonywa. Ndugu wa kanisani, watu wema kabisa, walituambia: Majengo pana pombe, pana wizi, pana wanawake wabaya, shikeni watoto wenu. Tukashika. Baba watoto alikuwa akiondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni, na muda huo wote sisi tulikuwa ndani, mlango na komeo. Twatoka kuchota maji, twarudi. Twatoka kupika uani, twarudi. Wiki tatu tulifanya hivyo. Mvulana alihesabu misumari ya dari hata akaijua kama vidole vyake, na yule mdogo alilia kutoka sala ya adhuhuri ya msikiti wa Riyadha mpaka ya alasiri. Tulijiona wazazi waangalifu mno.

Siku moja Bibi aligonga mlango, akasimama hapo na fimbo yake. Akasema, "Mama Tanzania, hebu nikuulize. Hao ni watoto au ni kuku?"

Tukasema ni watoto, Bibi.

"Basi kuku ndio hufungiwa, tena kuku naye hufungiwa usiku. Mtoto asiyeujua mtaa, mtaa nao haumjui. Siku akipotea, nani atasema huyu wa nyumba fulani? Vaa viatu. Leo mwisho wenu ni msikitini. Mkirudi mnieleze mmeona nini."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuujua mji wa Nairobi, kwa amri ya mwanamke mzee na kwa vipande. Siku ya kwanza msikitini na kurudi. Siku ya pili mpaka ukumbi wa Pumwani Memorial, uliojengwa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Siku nyingine tukapita mbele ya hospitali ya akina mama ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, na mvulana akauliza kama hapo ndipo watoto wanaponunuliwa, na kama tunaweza kubadilisha huyu anayelia. Kila jioni Bibi alikaa juu ya kigoda chake akihoji kama hakimu. Mmeona nini? Duka la rangi gani? Mlikunja wapi? Asiyejibu hapewi kashata.

Mtu mzima akitembea mjini hutazama majumba. Mtoto hutazama chini. Njia ambayo mtu mzima huimaliza kwa dakika kumi na tano, kwa mtoto ni saa nzima, maana pana mfereji wa kurushia kijiti, pana paka, pana fundi wa viatu mwenye misumari midomoni, na mtu hawezi kupita bila kungoja aone kama ataimeza. Mwanzoni tulikuwa tukiwavuta. Baadaye tuliacha kuvuta, tukaanza kuona tunayoonyeshwa. Tulijifunza pia mambo ya lazima: kutoka na chupa ya maji, kujua ni mama muuzaji gani atakubali mtoto aende chooni kwake, na kugeuka kurudi kabla mkubwa hajachoka, kwa sababu mgongo ni mmoja na mdogo yuko tayari juu yake.

Kiswahili nacho kilitushangaza. Kwetu tunasema "naomba" hata tukiwa na fedha mkononi. Tuliposema kwa muuza nyanya "naomba za shilingi moja," alicheka akauliza, "Unaomba au unanunua?" Nasi tulishtuka kusikia watu wakiitana "kuja hapa," maana kwetu ni "njoo." Baada ya mwezi mmoja mvulana alisimama mlangoni akapaza sauti, "Mama, kuja!" Baba watoto aliweka kijiko chini akatazama dari.

Tulifika soko la Kariokor, tukawatazama akina mama wakisuka vyondo vya katani. Jina lile, tuliambiwa, ni la kikosi cha wapagazi wa vita ile ya kwanza. Watu waliobebeshwa mizigo ya Waingereza kuingia Tanganyika, na maelfu kwa maelfu yao hawakurudi. Basi wazee wa hapa walikufa katika nchi yetu, na sisi tulikuwa tukitembea katika soko lenye jina lao huku tukifikiri kwamba baina yetu na watu wa Nairobi hapana undugu. Karibu na hapo mama mmoja alifunua sufuria ya githeri. Mvulana akapiga kelele, "Mama, makande!" Ndugu zetu wa Upare wanaosikiliza wanajua kelele ile ilitoka wapi. Mahindi na maharage ni yale yale. Yule mama akampa kikombe kizima bure, akasema mtoto anayeita chakula chake kwa jina la kwao ana njaa ya nyumbani.

Na siku moja, tukiwa upande wa Muthurwa karibu na njia ya reli, tuliona kichwa cha garimoshi kikija polepole, kirefu kama nyumba tatu, rangi yake nyekundu iliyokolea, kikivuta mabehewa yasiyo na mwisho. Vilikuwa vichwa 34 vya aina ile, vilivyoundwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956. Kila kimoja kilizidi tani 250, na vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ubavuni palikuwa na kibao. Tukasoma kwa sauti, kisha tukasoma tena kwa sababu hatukuamini macho: MOUNT SHENGENA. Shengena ni mlima wetu. Ndio mrefu kuliko yote katika Upare. Mawingu yake twayatazama tukitaka kujua kama mvua iko karibu. Tulisimama pale na watoto wawili, katika moshi, tukalia kama wajinga, na mvulana akapunga mikono akiliita garimoshi kwa Kipare.

Hata hapo, wapendwa, mtu wa chumba cha mbele tulikuwa hatujamsalimu.

Yeye alitusalimu. Tulijibu kwa midomo, tukiwa tayari tumempa kisogo. Watoto tuliwafundisha wapite mlango wake bila kutazama. Miezi mitatu ukumbi mmoja, choo kimoja, bomba moja, nasi hatukujua hata anatoka wapi.

Mwezi wa Aprili mvua zikaanza. Siku hiyo tulikwenda Gikomba kutafuta mbao mbili za kutengenezea kitanda cha watoto. Wanaopajua Gikomba wanajua hakuna njia pale, pana watu tu. Tope lilikuwa kubwa, mdogo mgongoni, mbao mkono mmoja, mkono wa pili umemshika mvulana. Tukauachia mkono huo tulipe fedha. Kulipa fedha kunachukua muda gani? Tulipogeuka hakuwapo.

Hatutawachosha kwa kueleza saa tatu zilizofuata. Mama aliyewahi kupotelewa na mtoto anazijua, na asiyewahi hataelewa kwa maneno. Tuliita hata sauti ikakauka. Tuliwauliza watu, wakauliza watu wengine. Mbao tuliziacha pale pale, hatujui ziliishia wapi. Tulimwomba Mungu, lakini tukisema kweli hayakuwa maombi, ilikuwa kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi. Mwisho tulirudi Majengo mbio, mdogo akiruka ruka mgongoni, tukifikiri labda ameijua njia.

Alikuwa amekaa juu ya kigoda cha Bibi, amefunikwa kanga kavu, anakula mkate. Mtu wa chumba cha mbele alikuwa amechutama akimwosha miguu tope.

Habari tuliipata kidogo kidogo. Mvulana alikutwa na wauza samaki, wakamketisha juu ya debe wakamwuliza anakaa wapi. Akajibu kama alivyofundishwa nyumbani tangu alipoanza kusema: "Nakaa Same." Same? Ni mtaa gani huo? Mmoja akadhani ni jina la baba yake, mwingine akadhani ni duka. Walimwuliza kila aliyepita, na kila aliyepita alitikisa kichwa. Ndipo akapita huyu mwanamke, amekuja kununua samaki. Akasikia neno Same. Akatazama, akamtambua mtoto wa chumba cha nyuma, yule aliyefundishwa asimtazame. Akamtia mgongoni, mvulana mzito wa miaka mitano, katika tope lile, akamleta.

Tulimwuliza, tukiwa bado tunatetemeka, "Dada, ulipajuaje Same?"

Akasema, "Ni stesheni. Treni ya kutoka Tanga husimama pale. Wanauza ndizi dirishani." Kisha akaongeza, bila kututazama, "Mimi ni wa Korogwe, Mama Tanzania. Nilidhani mnajua."

Korogwe na Same ni reli moja! Tulikuwa tumemlilia kichwa cha garimoshi kwa sababu ya kibao cha chuma, na huku mtu wa nchi yetu alikuwa ukumbi mmoja nasi, tunampa kisogo. Mstari wa Waebrania 13:2, ule wa kuwakaribisha wageni, tumezoea kuusikia kama wenye nyumba, kana kwamba sisi ndio tulio na mlango na malaika ndiye anayebisha hodi. Jioni ile tulikuwa sisi wageni, na aliyekuja kwetu alikuwa na harufu ya samaki na miguu ya tope.

Laiti tungeweza kuishia hapa. Ingekuwa hadithi nzuri ya redio. Lakini tuliahidi nafsi zetu kwamba tukipata nafasi ya kusema tutasema yote.

Tangu siku ile watoto walimwita Shangazi. Alitufundisha njia za mkato za kwenda Shauri Moyo na Kaloleni. Alimbeba mdogo tulipofua. Alikuwa akimwuliza mvulana wimbo gani wameimba Jumapili, naye mvulana akimwimbia ukumbini kwa makosa yote. Sisi tulikuwa tukisali katika kanisa la Mtakatifu Yohana hapo Pumwani, maana ingawa tulikuwa Walutheri, ndugu wa Anglikana walitupokea vizuri. Jumapili moja mwezi wa Julai, ibada ikiwa imeanza, tulisikia mlango. Alikuwa ameingia. Kanga zake zilikuwa zimefuliwa na kupigwa pasi, kichwa amekifunga vizuri, ameketi benchi la nyuma kabisa, ukingoni, kama mtu aliye tayari kuondoka.

Mvulana alimwona. Akapaza sauti kanisani, kwa furaha, "Shangazi!" akaanza kumkimbilia.

Wasikilizaji, mama waliokuwa mbele yetu waligeuka. Walikuwa wanawake tunaowaheshimu, waliotupokea, waliotupa kiti. Waligeuka wakamtazama yeye, kisha wakatutazama sisi kuona huyu mtoto anamwita nani shangazi. Nasi tulimkamata mtoto mkono, tukamvuta kwa nguvu, tukamketisha. Tukatazama mbele.

Mhubiri siku ile hakuhubiri juu ya yule mwanamke wa Luka sura ya saba, aliyeingia nyumbani kwa Simoni Farisayo. Ingependeza kuwaambia hivyo, lakini somo lilikuwa jingine kabisa, nasi hatukusikia neno lake hata moja. Tulikuwa tukijiambia kwamba ibada ikiisha tutamwendea, tutamshika mkono mbele ya watu wote. Ibada ilipoisha benchi lilikuwa tupu.

Nyumbani alitusalimu kama kawaida. Hakusema kitu. Hakuacha kumbeba mdogo. Ila hakumwuliza tena mvulana wameimba nini.

Mtasema, si mlikuwa ukumbi mmoja? Kulikuwa na nini cha kuzuia neno "tusamehe"? Hakuna. Kila siku tulisema kesho. Mwanzoni mwa mwaka 1976 tulipata nyumba ya kazi Makongeni, tukahama. Si mbali, mtu anatembea. Tulisema tutamtembelea. Tulikwenda mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na watu, tukamsalimu Bibi tukarudi. Desemba mwaka ule baba watoto akahamishiwa Tanga. Tulipakia mizigo kwa haraka, tukasema tutarudi wakati wa Pasaka kuchukua vitu vilivyobaki, na hapo tutakwenda Majengo, tutakaa naye, tutamwambia.

Tarehe 4 Februari 1977 serikali ya Tanzania ilifunga mpaka na Kenya. Jumuiya ikavunjika, na shirika letu la reli likagawanyika pamoja nayo. Wakubwa walikuwa na sababu zao, na wanahistoria wameziandika. Sisi tulijua tu kwamba Pasaka ilifika, nasi hatukuweza kuvuka Namanga. Mpaka ulikaa umefungwa mpaka Novemba mwaka 1983, na katika muda huo mvulana wetu alibalehe.

Agosti mwaka 1984 tulikwenda. Nyumba ilikuwapo, ukumbi ule ule, bomba lile lile. Bibi alikuwa hai, ila macho yalikuwa yamekwisha. Tulipobisha hodi alisikiliza kidogo, akasema, "Mama Tanzania. Umekawia." Tukakaa chini miguuni pake. Tulipouliza habari za chumba cha mbele, alinyamaza kwanza. Akasema yule alihama mwaka ule ule wa mpaka. Siku redio iliposema hakuna kuvuka, alikaa juu ya kigoda hiki hiki akalia, akasema kwamba siku zote alijua hatarudi kwao, lakini ilikuwa yeye ndiye asiyetaka. Sasa hata akitaka hawezi. Wengine walisema amekwenda Mombasa. Bibi alijua hayo tu. Tulizunguka siku mbili tukiuliza, kwa wauza samaki wa Gikomba na penginepo, na hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo linatuaibisha mpaka leo: hatukuwa na jina la kuulizia. Watoto walimwita Shangazi, Bibi alimwita Mwanangu, nasi tulikuwa tukimwita Dada. Hatukumwuliza hata siku moja anaitwa nani.

Siku hizi mipaka yetu iko wazi, na Jumuiya imefufuliwa tangu mkataba uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Yule mvulana sasa ana zaidi ya miaka hamsini, ana wajukuu wa kwetu wa kutosha kujaza benchi. Hivi karibuni alitupeleka Nairobi kutembea, akatuingiza katika makumbusho ya reli karibu na stesheni kuu. Kichwa kile kimo humo, kimesimama juu ya reli fupi isiyokwenda popote, na kibao chake bado kipo: Mount Shengena. Wajukuu walipanda juu yake wakapiga picha. Sisi tuliketi kivulini pamoja na baba yao, tukamwuliza anakumbuka nini katika siku zile za Majengo. Tulidhani atataja garimoshi, au makande ya Kariokor, au siku ile ya Gikomba.

Akasema Gikomba haikumbuki hata kidogo, amesimuliwa tu. Akafikiri, akashika mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko, kama mtu anayepapasa kovu. Akasema, "Mama, nakumbuka siku moja kanisani ulinivuta hapa, ukaniumiza. Nilikuwa nimefanya kosa gani?"

Tulimwambia hakufanya kosa lolote. Tulimweleza habari yote, kama tulivyowaeleza ninyi sasa, naye alisikiliza mpaka mwisho, wajukuu wakipiga kelele juu ya chuma. Jioni ile tukiomba pamoja, alipofika mahali pa kuwataja walio mbali, mzee yule wa miaka hamsini na zaidi akamtaja wa kwanza kabisa, kwa jina pekee tulilo nalo: Shangazi wa Korogwe, wa chumba cha mbele.